Kampuni iliyotuahidi nafasi ya kwanza Google: tathmini ya mteja kutoka Lamu

Shangazi yangu ana nyumba ya wageni mtaa wa Langoni, na mimi ndiye ninayemsaidia kupokea maombi ya vyumba. Mwaka jana alichukua kampuni ya kumfanyia kazi ya SEO, yaani kuipandisha tovuti ya nyumba ili ionekane juu mtu akitafuta malazi Google. Naandika kwa wenye nyumba na hoteli ndogo za pwani, kwa sababu watu wa aina hii bado wanazunguka na maneno yao ni yale yale.

Walikuja mwezi wa tano. Wenye kujua Lamu wanajua mwezi wa tano ulivyo: masika yanamwagika, kusi imeshaanza kuvuma, vyumba vitupu, na mwenye nyumba anatafuta pa kushika. "Mama, ndani ya wiki tatu utakuwa wa kwanza Google, hilo tunakuhakikishia." Ilipofika Agosti wakaleta ripoti yenye mchoro unaopanda wakasema hiyo ndiyo kazi yao. Lakini Agosti Ulaya wako likizo, Wahispania na Wataliano wanaingia, na mchoro huo utapanda hata usipomlipa mtu senti. Agosti hailinganishwi na Mei. Inalinganishwa na Agosti ya mwaka uliotangulia, na tulipofanya hivyo hatukuona tofauti yoyote ya maana.

Google wenyewe wameeleza, katika mwongozo wao kwa wanaotaka kuajiri mtu wa SEO, kwamba hakuna awezaye kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba kwa kawaida huchukua miezi 4 hadi mwaka tangu mabadiliko yaanze ndipo faida ionekane. Sasa huyu wa wiki tatu anauza nini?

Anauza orodha. Ripoti ilisema tuko namba moja kwa maneno mengi ya kutafutia, nikakaa nikayasoma moja baada ya jingine. La kwanza lilikuwa mfululizo mrefu wa maneno ya Kiingereza, na ndani yake limo jina la mtaa wetu na jina la nyumba yetu. Nani mwingine angekuwa wa kwanza hapo? Nikataka kuangalia kwenye Google Search Console, huduma ya bure inayokuonyesha watu waliandika nini hadi tovuti yako ikawatokea, imeonekana mara ngapi na imebofywa mara ngapi. Kumbe walikuwa wameifungua kwa barua pepe yao wenyewe. Nilipoomba niingizwe nikajibiwa, "Dada, hayo ni mambo ya kiufundi, yatakuchanganya tu." Bahati neno la siri la tovuti tulikuwa nalo, nikawathibitishia Google upya kwamba tovuti ni yetu, kwa akaunti ya shangazi. Katika maneno yote yaliyojazwa kwenye ripoti, hakuna hata moja lililotuletea mgeni. Wageni walikuwa wanatafuta kwa maneno mafupi ya kawaida, malazi Lamu mjini, nyumba karibu na ngome, na huko tulikuwa mbali sana chini.

Jambo lililoniudhi zaidi lilikuwa kwenye tovuti yenyewe. Chini ya ukurasa wa mwanzo palikuwa na nafasi nyeupe ndefu isiyo na kazi. Nikaweka kidole nikaburuta kama mtu anayetaka kunakili maandishi, na aya nzima ikajitokeza, herufi nyeupe juu ya weupe: Diani, Watamu, Zanzibar, Maasai Mara, hoteli ya bei nafuu, hoteli ya kifahari, yamerudiwa na kurudiwa. Mgeni hayaoni, yamewekwa kwa ajili ya mashine ya Google, na Google inakataza ujanja huo waziwazi. Februari 2006 waliiondoa kwenye matokeo tovuti ya BMW ya Ujerumani kwa ujanja wa jamii hiyo hiyo, kurasa zilizotengenezwa kuonyesha mashine kitu kimoja na mtu kitu kingine. BMW walisafisha wakarudishwa upesi. Nyumba ya vyumba sita Langoni ikiondolewa msimu wa kaskazi, nani atakayeijali?

Viungo navyo, yaani zile njia za kubofya kwenye tovuti za watu zinazoleta kwenye tovuti yetu, vilikuwa vya kununua. Tovuti za kamari na za vidonge vya kupunguza unene, zisizojua Lamu iko wapi, zote zinaelekeza kwetu. Tangu Aprili 2012, Google walipoleta mabadiliko waliyoyaita Penguin, viungo vya namna hii havimfai mtu. Na walimtoza shangazi pesa za "kumsajili kwenye ramani ya Google", kitu ambacho ni bure kwa kila mwenye biashara. Malipo yote yalikwenda M-Pesa, namba ya mtu binafsi, bila risiti. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na nasema hivyo bila kupunguza.

Anayetufanyia kazi sasa ni binti wa Malindi. Kabla ya kutaja bei aliuliza wageni wetu hutoka wapi na huuliza nini kabla ya kuja. Nikamwambia: wanauliza wakishuka uwanja wa ndege wa Manda watavukaje, na kama gari litawafikisha mlangoni. Akatuandikia ukurasa mzima juu ya hilo, boti ya kuvuka, gati la kushukia, mizigo kubebwa na punda au hamali. Akafuta ile aya nyeupe, akapunguza uzito wa picha zilizokuwa zinachelewa kufunguka kwenye simu, kisha akaomba ruhusa ya kutazama tu kwenye Search Console. Hakuahidi namba. Kila anachobadilisha anakiandika, na tarehe yake, mahali tunapoweza kukisoma. Ana kasoro: ujumbe wake huchelewa, na kurasa za Kiitaliano alizosema ataandikiwa na mtu bado hatujaziona. Lakini ule ukurasa wa kuvuka kutoka Manda sasa unatuletea watu ambao hawakuwahi kusikia jina letu, na ninaweza kuliona hilo mwenyewe bila kumuuliza yeye.

Ile kampuni ya kwanza naipa nyota moja, na hata hiyo ni kwa sababu hakuna sifuri. Anwani ya tovuti yetu, ile ya .co.ke, waliisajili kwa jina lao, na shangazi aliposimamisha malipo wakasema ni mali yao. Imerudi baada ya barua ya wakili. Pesa za usajili wa ramani bado tunazidai.