Kanda za Mini DV: programu ipi ununue, na ipi upate bure

Kanda ya harusi ya dada yangu, Mini DV (kanda ndogo ya kidijitali ya kamera), ilikuwa safi kabisa kwenye TV ya kichogo. Nilipoifungua kwenye kompyuta, kila shangazi aliponyanyua mkono kupunga leso, kingo za leso zilichanika kama meno ya kichana. Kanda ilikuwa nzima. Kamera za PAL, mfumo wa kwetu, zilirekodi nusu-picha 50 kwa sekunde, mara mistari ya witiri, mara ya shufwa. TV ya kichogo huzionyesha kwa zamu. Kompyuta huzibandika mbilimbili, na mkono unaonekana sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: programu ikupe picha 50 kamili kwa sekunde. Ikikupa 25, nusu ya mwendo imekwenda, na ngoma inaanza kukwamakwama.

Namba moja ni HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, na ni ya bure. Kwenye vichujio chagua Bwdif, kinachoondoa yale meno, kisha Bob, ili kila nusu-picha iwe picha kamili. Halafu angalia kasi ya picha, maana hapa wengi hukwama: mipangilio yake ya kawaida huweka kikomo cha 30, hivyo unaiambia itoe 50 halafu yenyewe inazipunguza kimyakimya. Andika 50 kwa mkono wako.

HandBrake si ya kuhariri, wala haiungi vipande. Kazi hiyo mpe Shotcut, namba mbili, nayo bure. Fungua mradi wa picha 50 kwa sekunde kabla ya kuingiza chochote.

Namba tatu ni Hybrid, yenye kichujio cha QTGMC. Kwa ubora inazishinda zote hapa: kingo hutulia, na mistari myembamba ya kanga haimetimeti. Nimeiweka chini kwa sababu ni nzito na menyu zake zinachosha. Itunzie ile kanda moja yenye sauti ya bibi.

DaVinci Resolve Studio ni dola 295, unalipa mara moja. Ni programu nzuri sana ya kuhariri, lakini usiinunue kwa ajili ya meno haya tu.

Pesa uliyookoa nunua kadi na waya wa FireWire, njia ya kuhamisha video kutoka kamera hadi kompyuta ikiwa ya kidijitali vilevile. Vile vifaa vya USB vya bei rahisi hupitisha picha kwa njia ya analogi, na kilichopotea hapo hakirudishwi na kichujio chochote. Mwendo ukicheza mbele na nyuma, mpangilio wa nusu-picha umegeuzwa: kwenye Mini DV mistari ya shufwa (programu huiita "bottom") hutangulia.

Faili asilia usilifute. Saa moja ya DV ni GB 13 hivi, kwa hiyo diski ya TB 1 inabeba kanda 70 za saa moja moja.