Duka la dawa la kijijini kwetu Usandawe: dawa nunua, asali usiiache pale

Ni chumba kimoja cha tofali za kuchoma, kaunta ya mbao yenye kioo, na leseni imetundikwa ukutani mahali ambapo huwezi kuikosa. Ni duka la dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, ambayo zamani yaliuza chochote kwa yeyote. Kijiji sikitaji. Kiko Wilaya ya Chemba, kwenye nchi yetu ya Wasandawe kati ya Mto Bubu na Mto Mponde, na wanaokaa huko watalijua tu. Mimi nauza asali Soko la Majengo, Dodoma mjini. Asali naichukua nyumbani, na kila nikienda kuichukua lazima nipite pale kumnunulia mtu kitu.

Kwanza sifa, kwa sababu ziko za kweli.

Dada anayetoa dawa ni mtoto wa kwetu na anazungumza Kisandawe. Kwa mtu wa mjini hilo dogo. Zahanati ya jirani ina nesi mzuri, mpole, ila ametoka mkoa wa mbali, na wazee wetu Kiswahili chao ni cha mnadani: bei ya mbuzi wanaijua, maumivu ya chini ya kitovu hawajui wayasemeje. Basi bibi anaenda zahanati na mjukuu wa darasa la tano amfasirie. Sasa wewe bibi wa miaka sabini utamwambia nini mjukuu wa kiume kuhusu mkojo wako? Unasema kichwa kinauma, unapewa panado, unarudi nyumbani na ugonjwa wako. Pale dukani bibi anainama kwenye kaunta, ananong'ona, na anasikika. Nimemwona mama mmoja akieleza kwa muda mrefu, dada akimsikiliza tu bila kugusa rafu, halafu akamwandikia karatasi apeleke zahanati na hakumuuzia kitu.

Hilo ndilo la pili. Anajua kukataa. Mtu akija na homa akaomba dawa mseto ya malaria, anaambiwa akapime kwanza. Wengi wanakasirika, lakini yuko sahihi: Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini, na homa nyingi huku ni kitu kingine kabisa. Ukimeza vidonge vyake 24 bila sababu, siku tatu zinapita na nimonia ya mtoto inaendelea na kazi yake. Ukiwa na karatasi ya kipimo, anakuuzia dozi nzima na anakuhesabia mbele ya macho yako.

Kwa mtoto anayeharisha, hapo ndipo mahali pa kwenda. ORS ipo, zinki ipo, na maelezo unapewa: kidonge kimoja kila siku kwa siku 10 hadi 14 kwa mtoto aliyezidi miezi sita, nusu kwa mdogo zaidi, hata kuhara kukiwa kumekoma. Sikuwahi kuambiwa hivyo na famasi za mjini, na huko nalipa zaidi.

Lakini la mama yangu ndilo lililonifanya niandike. Macho yalikuwa yakimwasha na kutoa machozi miaka mingi. Alikuwa akinunua tyubu ya tetrasaiklini popote anapoipata, anapaka, anapata nafuu ya siku mbili, anarudia. Kope ziling'olewa kwa kibano na mpwa wangu, kwa sababu ndiye mwenye mikono isiyotetemeka. Siku hiyo nilikuwa naye. Dada akawasha tochi ya simu, akamwinua ukope taratibu.

"Shikamoo mama. Hizi kope zimeingia ndani, zinakwangua jicho. Hii tyubu sikuuzii tena, nitakuwa nakula hela yako bure."

Mama alitoka amevimba. Njia nzima anasema, mtoto wa juzi ananinyima dawa na hela ninayo! Kumbe ni vikope, yaani trakoma. Inakupata utotoni, inakurudia na kurudia, ukope unapata makovu kwa ndani mpaka kope zinageukia jicho. Inasambazwa na nzi, vidole, na ile kanga moja inayofuta nyuso za watoto wote. Wanawake huumia zaidi kwa sababu ndio wanaoshinda na watoto. Wagogo wa Kongwa wanaijua vizuri, huko imetafitiwa tangu zamani, na kunawa uso ni sehemu kubwa ya kinga. Uso unanawaje na ndoo moja ya maji iliyotoka korongoni, hilo ni swali lingine. Dawa ya azithromaisini hugawiwa bure kwa kijiji kizima na inazuia maambukizi, ila kope zilizokwisha kugeuka zinataka upasuaji mdogo. Ganzi inapigwa kwenye ukope, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mama alifanyiwa upasuaji huo timu ya macho ilipokuja kituo cha afya. Jicho la kushoto halikurudi lote, kioo kilishapata kovu. La kulia anachagulia mawe kwenye uwele mwenyewe.

Kuna jambo linanichekesha kidogo. Sisi na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi tunajulikana sana na watafiti. Wamekuja kwa ajili ya lugha, wamekuja kwa ajili ya vinasaba, na michoro ya miambani ya Kondoa ni urithi wa dunia tangu 2006. Mwaka 2007 Tanzania ilipiga kura ya ndiyo kwa Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, na mwaka huohuo ukaanza mpango wa zahanati kila kijiji. Maji ya bomba nayo yangekuja kwa shauku kama ile ya watafiti, mama yangu asingehitaji kisu ukopeni.

Sasa lawama.

Mwenye duka si dada. Dada akiwa hayupo, kaunta inashikwa na kijana wa mwenye duka, na hapo leseni inabaki pambo la ukuta. Anauza rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, moja moja kama pipi. Amoksilini ya mtoto, ambayo inatakiwa imalizwe siku tano, anakata ya hela uliyonayo. Nimemwambia, akasema mteja ndiye anayetaka. Ukimkuta yeye, nunua panado na uondoke.

La pili ni asali. Watu wa kwetu kati ya Januari na Machi hawana hela, ghala limekwisha na mavuno bado. Duka linakubali kukopesha, na daftari lipo, nashukuru. Ila deni likilipwa kwa asali, lita moja inahesabiwa 5,000. Mimi nainunua palepale kijijini 8,000, na bado napata faida Majengo. Mzee akidaiwa dawa ya 15,000 anatoa lita tatu, hajui kwamba kwangu lita mbili zingetosha na chenji juu. Huo si msaada.

Kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya iliyokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, hapa ilikuwa haipokelewi. Kwa hiyo zahanati ikiishiwa dawa, mwenye kadi alikuwa akilipa mara ya pili kwa fedha taslimu. Hilo silitupii duka lote.

Dada nampa nyota tano. Duka kwa ujumla tatu. Linafunguliwa asubuhi mapema mpaka jua linapozama, siku ya mnada linajaa mpaka nje, na mvua zikikata njia mzigo hauji, kwa hiyo zinki na ORS nunueni za akiba mwezi wa kumi na moja. Uliza kwanza nani yuko kaunta.