Nyenzo za Kujifunzia Vijiwimbi: Tathmini ya Anayeanza, kutoka Moshi

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikipima mvua kila asubuhi nyumbani kwangu Kibosho, nje kidogo ya mji wa Moshi, na daftari limejaa namba ambazo wastani wa mwezi hauzitendei haki. Uchanganuzi wa Fourier, yaani kuivunja data kuwa mawimbi yanayojirudia bila kukoma, ulinithibitishia jambo ambalo mkulima yeyote wa kahawa huku analijua bila kompyuta, kwamba mwaka una masika na vuli, lakini grafu yake haikunionyesha ni mwaka upi vuli ilichelewa. Ndipo mwenzangu anayefundisha fizikia aliponielekeza kwenye vijiwimbi, yaani mawimbi mafupi yanayoinuka na kufifia, ambayo hutanuliwa au kubanwa na kisha kulinganishwa na data kipande kwa kipande.

Nilianza vibaya, kwa kitabu cha mihadhara kumi cha Ingrid Daubechies cha mwaka 1992. Ni kitabu cha heshima, cha mtaalamu ambaye familia ya vijiwimbi aliyoitangaza mwaka 1988 inabeba jina lake hadi leo, ila kinamlenga msomaji aliyekwisha kuzoea hisabati ya chuo kikuu. Mtu aliyeishia Kidato cha Sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), atakwama mapema. Mimi nilikwama mapema kuliko ninavyopenda kukiri.

Kilichoniokoa ni mafunzo ya Robi Polikar, yenye sehemu nne, yanayosomeka bure mtandaoni. Polikar anawaandikia wahandisi, hana haraka, na anafafanua skeli, yaani kiasi ambacho kijiwimbi kimetanuliwa, kwa mfano wa ramani: skeli kubwa huonyesha nchi nzima bila vichochoro, skeli ndogo huonyesha vichochoro vya mahali pamoja. Sehemu tatu za kwanza ningempa hata mwanafunzi wa Kidato cha Tano mwenye bidii. Ya nne inarukia vichujio, yaani hesabu zinazotenganisha mabadiliko ya haraka na ya polepole, kwa kasi, kana kwamba msomaji amebadilishwa njiani. Ukitaka kuyachapa, kwanza omba ukurasa mmoja wa majaribio, kwa sababu duka nililokwenda mjini lilinitolea michoro iliyofanana na madoa ya masizi, na nikalipia kurasa zote.

Kwa msingi wa hisabati, aljebra ya vekta na matrisi ina manufaa ya haraka kuliko kalkulasi. Video za aljebra hiyo za Gilbert Strang, aliyefundisha chuo kikuu cha MIT, Marekani, ni za bure, ingawa zinakula bando, na asiye na subira anaweza kuanzia somo la 31, ambamo anaonyesha kwamba kubana picha ni kubadilisha vekta za msingi tu, yaani vipande vinavyojumlishwa kuunda picha, akitumia vijiwimbi kama mfano mmojawapo.

Hata hivyo, kabla ya video yoyote, shika kalamu. Chukua mvua ya siku nne kwa milimita: 12, 8, 3 na 5. Wastani wa jozi ya kwanza ni 10 na wa jozi ya pili ni 4, na nusu ya tofauti ni 2 na hasi 1. Fanya vivyo hivyo kwa 10 na 4, upate 7 na 3. Namba 7, 3, 2 na hasi 1 zinatosha kuzirudisha siku zote nne bila kupoteza chochote. Hicho ndicho kijiwimbi cha Alfréd Haar, cha tangu mwaka 1909.

Baada ya hapo programu ya PyWavelets, inayokokotoa vijiwimbi kwa lugha ya kompyuta ya Python na ambayo nayo ni ya bure, inakuwa rafiki, ingawa ina mitego miwili. Kwa namba hizo hizo ilinipa 14.14 mahali pa 10, nami nikapoteza jioni nzima nikitafuta kosa langu, kumbe hugawanya jumla kwa kipeuo cha pili cha 2 badala ya 2, ili jumla ya miraba ya namba isibadilike. Mtego wa pili uko mwishoni mwa data: usipoielekeza vingine, programu hurefusha orodha kwa kuigeuza kama kwenye kioo. Maelezo yake yanasema hivyo, lakini mimi sikuyasoma, na kwa wiki moja niliwaeleza majirani kuhusu dalili ya mvua mwishoni mwa grafu, ambayo ilikuwa mvua yangu ya juzi ikirudi kinyumenyume.