Usinunue gari la kufunguka paa kabla hujalimwagia maji

Mvua ya kwanza ya Desemba ilipopiga Shangani, nilishika breki kwenye tuta nikasikia kitu nyuma ya kiti changu. Chubwi. Nikadhani nimesahau dumu la maji. Tuta la pili, chubwi tena. Nikasimama, nikatafuta, dumu hakuna. Nilipofika kwa fundi kule Chuno, akanyanyua kapeti, akabonyeza kidole kwenye sifongo iliyo chini yake, kidole kikazama chote. Tukaikamulia ile sifongo kwenye ndoo ya lita kumi, ikapita nusu. Fundi akaniangalia kwa huruma: "Dada, gari lako lina kisima."

Kigari chenyewe nilikuwa nacho kwa miezi mitano. Viti viwili, turubai linalojikunja kwa swichi, asili yake Ulaya. Chapa siitaji, kwa sababu kosa halikuwa la kiwanda. Lilikuwa langu, na la dalali aliyeniuzia Dar. Na msidhani sikukagua. Nilikagua injini, gia, shokapu, kilomita, kadi. Nilimlipa fundi akalala chini ya gari nusu saa nzima. Kati yetu wote watatu hakuna aliyeuliza maji ya paa yanakwenda wapi.

Kwa hiyo mambo ya nguvu za farasi na sekunde ngapi hadi kilomita mia, katafuteni kwingine. Mimi nina tundu moja la kuzungumzia.

Gari la kawaida, mvua ikinyesha, bati linamwaga maji pembeni na habari imekwisha. Gari la turubai halina hiyo raha. Pale turubai linapokutana na bodi, nyuma ya viti, kuna kama mfereji wa nyumba. Maji yanakusanyika humo, yanateremka kwenye tundu, kila upande lake, yanapita kwenye mpira na kutokea chini ya gari karibu na tairi la nyuma. Sasa fikiria gari hilo limelala chini ya mwarobaini, na huku kwetu nani hana mwarobaini uani? Vile vijani vidogo vinadondoka kimoja kimoja, mchanga unaongezeka, vumbi linaongezeka, na baada ya miezi sita tundu limeshindiliwa kama ugoro kwenye kopo. Maji yakikosa njia ya kutoka nje yanarudi ndani. Yanaingia chini ya kapeti, yanaingia kwenye boksi la bodi lililo chini ya mlango, kutu inaanza kula kutoka ndani. Ukija kuona rangi imevimba kwa nje, kule ndani bati limeshakuwa biskuti.

Kwangu maji yalifika mpaka kwenye mota ya pampu inayosukuma paa. Likagoma likiwa limefunguka nusu, saa kumi na mbili jioni, wingu jeusi linakuja kutoka upande wa Msimbati. Jirani akanitolea turubai lake la kuanikia korosho, tukalifunika lile gari kama gunia la mazao. Mjomba wangu ndiyo kwanza anafika kutoka Masasi na basi, akazunguka mara mbili, mikono nyuma. "Mama, mamilioni yote hayo, hela ya kuezekea ikapungua?"

Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu. Nenda na chupa ya maji ya nusu lita. Fungua turubai hadi nusu, utaona kona ya mfereji nyuma ya bega la kila kiti. Mimina taratibu upande mmoja, mwenzako achungulie chini mbele ya tairi la nyuma. Maji yatoke haraka, tena kwa mkondo, si tone tone. Yasipotoka, usikubali kuambiwa "hiyo ni ya kuzibua tu". Weka kiganja kwenye kapeti nyuma ya viti, bonyeza kwa nguvu, kisha nusa mkono. Ukungu una harufu yake. Na gari likiwa linanukia marashi ya limau mpaka unapiga chafya, jiulize linaficha nini.

Kuhusu kuzibua, msitumie waya mgumu wala upepo wa kompresa, mtauchomoa mpira ulioko chini na hapo ndipo balaa litaanza upya. Mimi natumia nailoni nene ya kuvulia, naichukua kwa wauza nyavu, naizungusha polepole. Raba za paa na vioo napaka grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando ya kujipaka acheni kwenye ngozi, yanalainisha raba vibaya.

Haya, baada ya yote hayo, je, gari la namna hii linalipa? Nimeshakuwa na la pili sasa, najibu kwa uzoefu: linalipa kwa saa mbili kwa siku. Alfajiri, na baada ya alasiri jua likishalegea. Saa saba mchana Mtwara ukifungua paa unajikaanga mwenyewe, na usukani haushikiki. Niliponunua nilijiona nimevaa miwani nateremka Mikindani, ghuba upande mmoja, minazi upande mwingine, kitambaa kinapepea. Nikwambie kweli, hiyo sehemu ni vilevile ilivyokuwa kichwani mwangu, na pengine zaidi. Unasikia harufu ya dagaa kabla hujaona dagaa. Watoto wanakimbia kando wanapiga kelele "gari halina kichwa!" Ila hakuna aliyeniambia kuhusu kukaa nyuma ya lori la makaa ya mawe linaloelekea bandarini wakati paa liko wazi. Nilifika nyumbani naonekana nimetoka kuchoma mkaa.

Tumbo la gari nalo liko chini. Matuta ya Lindi unayapanda kwa mshazari, tairi moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi na mtoto mgongoni. Kwenda Newala nilijaribu mara moja, kwenye kipande kilichokuwa kinajengwa nikageuza.

Sasa orodha yangu. Sijifanyi nipo katikati: mimi ni wa Mazda.

Namba moja ni Mazda MX-5 ya kizazi cha tatu, iliyotoka kuanzia 2005 hadi 2015. Ukiagiza Japani utaikuta kwa jina la Roadster, usidhani ni gari jingine. MX-5 ya kwanza kabisa Mazda waliionyesha Chicago mwaka 1989, na 2016 wakatengeneza la milioni moja, kwa hiyo hakuna ugonjwa wa gari hili ambao haujaumwa na mtu na kuandikiwa dawa. Ninachokipenda ni turubai lake: komeo moja katikati, unalifungua, unalirusha nyuma kwa mkono mmoja hujainuka kitini. Hakuna mota, hakuna pampu, hakuna cha kuzama. Injini inatumia cheni ya taimingi, haina ule mkanda wa kubadilisha wa vizazi viwili vya mwanzo. Matundu yapo, ndiyo, na yana kichujio cha plastiki mdomoni ambacho kinaziba upesi kikisahauliwa, lakini unakifikia kwa vidole. Langu nalisafisha kila mwisho wa mwezi, dakika kumi. Ipo pia yenye paa gumu la umeme. Nzuri kwa usalama wa mjini, ila kila mota inayoongezeka ni fundi anayeongezeka, na fundi wa hayo mambo kwetu hayupo.

Kizazi cha kwanza na cha pili ni vitamu kuendesha na bei yake inashawishi. Vinaliwa na kutu palepale nilipopasema, chini ya mlango mbele ya tairi la nyuma. Gonga kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe, sawa. Likijibu kama boksi la karatasi, ondoka. Na la kwanza lina kioo cha nyuma cha plastiki, ambacho kwa jua letu kinageuka rangi ya chai. Betri nayo kwenye hivyo viwili inakaa kwenye buti, na inatakiwa ile yenye kimpira cha kutolea gesi nje. Muuza betri atakuambia yoyote inafaa. Haifai.

Namba mbili Toyota MR-S, iliyotengenezwa 1999 hadi 2007. Hapa nakiri watu wa Toyota wana hoja. Injini yake ya 1ZZ ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye Wish na Allion za kizazi cha kwanza za lita 1.8, kwa hiyo spea za injini unazipata hata hapa mjini, na fundi hakuulizi kitabu. Turubai ni la mkono, kioo cha nyuma ni kioo kweli. Lakini injini iko nyuma ya mgongo wako na buti hakuna. Sisemi dogo, nasema hakuna. Ukienda sokoni na mkungu wa ndizi, abiria wako anaupakata. Kimbia pia ile yenye gia za SMT, zinazobadilishwa bila pedali ya klachi. Tafuta ya kukanyaga klachi. Na angalia kama inakula oili, injini hizo za mwanzo zina tabia hiyo.

Tatu Daihatsu Copen ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2012. Cc 659, turbo, paa la bati linajikunja lenyewe kwenye buti, na kinapendeza kama kobe aliyepigwa polishi. Paa likiingia, mizigo inatoka. Tairi zake ni nyembamba za 165/50 rimu 15, kila shimo unalihesabu kwa uti wa mgongo.

Za Ulaya nimeziweka mwisho na mnajua sababu. BMW Z4 ya kwanza, mota ya pampu ya paa imekaa chini kabisa, palepale maji yanapotuama tundu likiziba. Mercedes SLK za zamani, mitungi ya mafuta inayosukuma paa huvuja kwa uzee, na tone la kwanza linaweza kukuangukia kichwani. Ni magari mazuri kwa mtu anayeishi jirani na fundi wake.

Honda Beat na Suzuki Cappuccino ni za miaka ya tisini; spea utazisubiri mpaka usahau uliagiza nini. Wale wanaokata paa la Starlet kwa grenda, tusalimiane tu.

Bei sasa, na hapa ndipo napandisha presha. Magari haya mengi yamepita miaka kumi, kwa hiyo juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya 18, kuna asilimia 30 ya uchakavu. Kwa injini, hadi cc 1000 hulipi ushuru wa bidhaa, hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni 10. Na TRA wanakokotoa kwa thamani iliyoko kwenye kikokotoo chao. Risiti yako ya Japani bakia nayo kwa kumbukumbu. Hayo nayaelewa, yameandikwa, unayaona kabla hujatuma hela. Nisichokielewa ni dalali anayeongeza milioni tatu juu kwa sababu "hii ni ya maharusi, itajilipa yenyewe". Ndugu yangu, viti viwili. Dereva mmoja, bibi harusi mmoja. Bwana harusi anakwenda na bodaboda? Mwezi wa tisa, korosho zikikaribia mnadani na kila mtu ana ndoa, walinijia watatu, na wote watatu tulifika kwenye swali hilo tukaachana kwa heshima.

Kigari changu cha kwanza nilimrudishia dalali yuleyule kwa hasara ya milioni nne, mota ikiwa imekufa, na nilimwonyesha kwa kidole mahali maji yalipoingilia. Wiki iliyopita nimeliona tena mtandaoni. Picha ni zangu, nilizipiga mwenyewe uani, hadi kona ya turubai la korosho inaonekana. Maelezo: "gari ya dada, imetunzwa, haijawahi kuguswa". Bei imepanda laki sita.