Siku sita hadi Chalbi na Ziwa Turkana kwa gari la kukodi: uzoefu wangu

Agosti iliyopita, shule zilipofungwa, tulikubaliana kwamba likizo hii hatuendi Malindi. Watoto wangu wamezaliwa Mombasa, bahari wameizoea. Jangwa, kama hili la Chalbi kaskazini mwa Kenya, hawajawahi kulitia machoni. Tukakodi Land Cruiser na dereva wake huko Nairobi, shilingi 22,000 kwa siku, mafuta juu yetu. Kwenye bei hiyo tuliahidiwa hema mbili, jiko la gesi, maji ya kunywa na tairi mbili za spea. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, watoto wawili na wifi yangu. Kabla ya kulipa nilitafuta sana mtu aliyekwenda huko na watoto, anieleze, nikakosa. Ndiyo maana naandika.

Siku ya kwanza ni ya kukaa garini tu. Nanyuki, Isiolo, Archer's Post, kisha mlima Ololokwe, na lami hadi Marsabit. Jioni tulikuta ukungu na baridi ya kuvaa sweta, jambo ambalo watoto hawakulitarajia hata kidogo. Dereva wetu, mtu mzima tuliyemwita Mzee, mwenyeji wa Marsabit, aliwasimulia habari za Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, akafa 1974. Mwanangu mdogo wa darasa la nne alishaona mfano wake pale Makumbusho ya Nairobi, akang'ang'ania kuonyeshwa mti aliokuwa akilala chini yake.

Asubuhi yake tukaacha lami, tukashika njia ya Bubisa kuelekea Maikona. Pale ni Dida Galgalu: mawe meusi ya volkeno mpaka upeo wa macho, kama kwamba mtu alimwaga makaa nchi nzima. Mawe yale yana makali. Saa nne hivi tairi la nyuma likapasuka, na hapo ndipo tulipogundua kwamba spea mbili tulizoahidiwa ni moja, nayo imelika karibu iwe laini. Jeki ilikuwepo, lakini ubao wa kuiwekea chini yake haukuwepo, na bila ubao jeki inadidimia. Mzee alichagua jiwe bapa, akalitengeneza, akainua gari taratibu huku akituambia tusimame upande wa pili na watoto. Kisha akatoa kwenye mfuko wake mwenyewe vipande vya mpira vya kuzibia pancha, akajaribu kuliziba lile la kwanza. Ufa ulikuwa mkubwa, haukuzibika. Tukaenda hadi Maikona bila spea yoyote. Nisiseme uongo: kila gari lilipogonga jiwe nilikuwa nasoma dua. Maikona kijana mmoja alilitia tairi kiraka cha ndani na tukamlipa kwa M-Pesa mtandao uliporudi.

Kampuni ile siitaji hapa. Niliporudi niliwapigia, tukavutana karibu wiki, wakanirudishia 5,000. Nilizichukua, lakini uchungu wangu si wa pesa. Sehemu ile, gari lingine linaweza kupita baada ya saa nyingi. Kumdanganya mteja kuhusu spea huko ni kuchezea roho za watu.

Sasa Chalbi yenyewe. Kabla ya kuingia, Mzee alisimamisha gari, akapunguza upepo wa tairi zote nne mpaka karibu paundi 20, ili zitanuke zikanyage mchanga bila kuzama. Halafu akashuka, akatembea mbele hatua kama hamsini, akakanyaga ardhi kwa kisigino. Juu kulikuwa na tabaka jeupe la chumvi, likavunjika kama ukoko wa wali, na chini yake ukaonekana udongo mweusi wenye unyevunyevu. Akarudi akasema, "Mama watoto, hapa hatupiti. Tutazunguka." Tukazunguka karibu saa nzima kufuata alama za magari yaliyotangulia. Chalbi ilikuwa ziwa zamani sana, na mvua ikinyesha inarudia tabia yake, gari linakwama hadi matumbo. Kwa hiyo msiende Aprili wala Novemba, hata mkipewa nusu bei.

Katikati ya weupe ule mwanangu mkubwa akapiga kelele, "Mama, bahari ile!" Kweli, mbele yetu kulikuwa na maji yanayometameta, na miti imesimama kichwa chini. Mzee akacheka kwa upole. "Hayo ni mazigazi, mwanangu. Ukiyafuata utafika Ethiopia na kiu yako." Watoto wakawa wanayakimbiza kwa macho mpaka Kalacha, ambako tulikuta maji ya kweli, mikoma, na ngamia wa Wagabra wamejipanga kunywa. Mmoja alinyanyua shingo, maji yakimchuruzika midomoni, akatutazama kama wageni tusiobisha hodi. Tulikaa pale mpaka jua likazama na hakuna aliyetaka kuondoka.

Kupitia North Horr tukafika Loiyangalani siku ya nne. Ziwa Turkana unaliona kutoka mbali, rangi yake kati ya kijani na samawati, na pembeni yake hakuna hata kipande cha majani, mawe tu. Moyo unashtuka. Lakini hapa hema za kampuni zilitutia aibu. Upepo wa Loiyangalani ukishika usiku ni upepo wa kazi, na vigingi vyembamba vile vilipinda kimoja baada ya kingine. Saa saba usiku tukabeba watoto na magodoro tukahamia banda la makuti lililokuwa jirani. Mwombeni mwenyeji banda tangu mchana, hema ziacheni garini.

Tulirudi kwa njia ya South Horr na Laisamis, tukipita kwenye mitambo 365 ya umeme wa upepo. Baada ya usiku ule hatukuhitaji kuelezwa kwa nini ilijengwa pale.

Hesabu ya mafuta: jazeni Marsabit, mbebe jerikani mbili za akiba. Maji, kila mtu lita tano kwa siku, na zaidi kwa watoto. Mtandao wa simu msiutegemee nje ya vituo. Fedha taslimu muwe nazo.

Gari naliweka nyota tatu kati ya tano, kwa sababu injini haikulalamika hata mara moja. Vifaa, nyota moja. Dereva, zote tano, na kama kungekuwa na ya sita ningempa. Nimeshaulizia tena kwa Februari, siku nane, kwa sharti kwamba Mzee ndiye atakayeendesha, na kwamba salio nitalipa Nairobi nikiwa nimesimama nyuma ya gari, nimezigusa spea mbili kwa mkono wangu na ubao wa jeki nimeuona.