Stika ya i7 isikubabaishe, uliza RAM kwanza

Nimetumia laptopu mbili kwa kazi zilezile kabisa, naandika hii kwa ajili ya wote mnaouliza kila siku nichukue prosesa kubwa (ule ubongo wa kompyuta) au RAM kubwa (memori inayoshika kazi ulizofungua kwa wakati huo).

Ya kwanza ilikuwa na prosesa ya Core i7-7500U, RAM 8GB. Niliona stika ya i7 nikajua hapa nimemaliza. Na kweli ukiiwasha iko fasta, ila sasa fungua kurasa ishirini na kitu kwenye brauza, weka na Excel, halafu ingia kikao cha video, hapo ndo utaijua, mshale unasuasua, sauti za watu zinakatikakatika, ukibonyeza kitu unakaa unasubiri. Siku moja nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager nione shida iko wapi, prosesa iko asilimia 30 tu, memori 97! Yaani RAM ikijaa mashine inaanza kuhamishia mizigo kwenye diski, na diski hata iwe SSD (ile aina ya diski yenye kasi) haiigusi RAM kwa spidi, kwa hiyo hiyo i7 yako inakaa inangoja iletewe data. Na hizo 8GB si zote zako jamani, kama haina kadi yake ya grafiki basi grafiki nazo zinachota humohumo.

Nikaipeleka kwa fundi aniongezee, akafungua akanionyesha RAM imechomelewa kwenye bodi, hakuna pa kuchomeka nyingine. Iliniuma sana aisee, maana hakuna aliyeniambia wakati nanunua.

Ya pili ni i5-8250U, RAM 16GB, na kazi zote zile inabeba bila kuganda. Halafu cheki hii, i7 ile ya 2016 ina kori 2 (kori ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa), i5 hii ya 2017 ina kori 4. Na Windows 11 kwenye orodha ya prosesa inazozikubali i5 hii imo, i7 ile haimo. Kwa hiyo angalia namba yote, usiishie kwenye i ngapi.

Hii ya pili inaponishinda ni video. Nikimaliza kuhariri video ndefu nikaanza kuitoa iwe faili (export), prosesa inapanda mpaka 100, feni inalia, na RAM bado ina nafasi kibao, hapo hata ningeweka 32GB isingesaidia kitu. Kama kazi yako ni hiyo tafuta prosesa yenye H mwishoni mwa namba yake, hizi zenye U mwishoni zimetengenezwa kubana chaji.

Mimi sasa naangalia hivi: prosesa ya laptopu karibu zote za siku hizi haibadilishiki, RAM inategemea. Kama ina nafasi ya kuongezea, chukua prosesa nzuri na 8GB, utaongeza baadaye. Kama imechomelewa, chukua 16GB siku hiyohiyo hata kama ni i5. Na muuzaji akisita ukimuuliza RAM inachomoka au haichomoki, mwambie aifungue uone kabla hujatoa hela.