TAHADHARI: Fundi wa vepu (sigara za umeme) pale Luthuli, Nairobi, "anabadilisha bodi" na kubaki na betri yako

Wakuu, nimeliwa. Shilingi elfu nne, na betri nzuri juu yake. Naandika kabla hasira haijapoa kwa sababu najua wengi wenu mnakatiza Luthuli mkitoka kazini, na yule kijana anayeita wateja pale chini ana mdomo mtamu sana.

Jina la duka silitaji. Ni kimojawapo cha vile vibanda vya ghorofani vilivyogawanywa kwa vioo, huyu anauza simu, huyu saa, na wa pembeni anauza vepu, chaja na chochote kinachowaka taa. Vibanda hivyo hubadilisha wapangaji kila kukicha, na mchezo unahama nao. Kwa hiyo shikeni mchezo.

Kifaa changu ni cha kizamani kidogo: bomba la chuma, volti unapandisha na kushusha kwa kitufe kuanzia 3 hadi 6, betri moja ya 18650 (ile ya lithiamu ya mviringo) ya kuchomoa, na skrini ndogo kama ukucha. Ndicho kilichonitoa kwenye sigara za kawaida (mahubiri wekeni, nimeyasikia ya kutosha nyumbani). Jumatatu usiku nilifunga koili mpya, kile kiwaya kinachopata moto na kugeuza maji ya vepu kuwa mvuke. Jumanne asubuhi nabonyeza, hakiwaki, skrini inaniandikia E1. Kijikaratasi cha maelezo nilishakipoteza zamani, na hapo ndipo nilipojiuza mwenyewe.

Fundi alikipokea, akabonyeza mara moja, akaguna vile mafundi wanavyoguna bei inapokaribia. "Boss wangu, E1 ni bodi. Bodi imeungua. Betri ndiyo imeiua." Bodi 2,800, betri 1,200. Nikamwomba nitazame akifanya kazi. "Tunachomelea nyuma, moshi utakuumiza." Akaingia nyuma ya pazia, na baada ya kama dakika 15 akatoka, kifaa kinawaka vizuri kabisa. Till (namba ya malipo ya duka) imebandikwa ukutani, lakini eti leo ina shida, nitume kwa namba yake. Risiti? "Mkubwa, si mimi niko hapa kila siku?" Nikauliza betri yangu ya zamani iko wapi. "Hizo zikikufa zinaweza kulipuka mfukoni, sisi huzipeleka zikatupwe." Na mimi, fala wa watu, nikamshukuru.

Usiku huohuo, nimefika nyumbani Umoja, nimevuta mara chache, naona E2. Alama ya betri inaonyesha imejaa. Nachaji tena, inajaa upesi ajabu, navuta, E2 tena. Ndipo nikakaa chini nikaanza kuangalia nilichouziwa.

Jambo la kwanza ni kihesabu cha mivuto. Kifaa hiki huhesabu kila unapobonyeza, na namba hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya bodi. Asubuhi nilipokuwa nahangaika na menyu nikitafuta dawa, niliiona: elfu kumi na moja mia nne na kitu. Usiku bado ilikuwa elfu kumi na moja mia nne na kitu, imesogea kidogo tu. Bodi mpya ingeanza sifuri. Hata volti zangu, 3.7, zilikuwa palepale nilipoziacha. Bodi haikubadilishwa. Niliponyofoa koili kutazama uzi wake wa kukazia, nikakuta sehemu ile inang'aa, inanuka spiriti, na unyuzi wa pamba nyeupe umekwama kwenye uzi. Hiyo ndiyo kazi ya 2,800: pamba na spiriti.

Maana kwa kifaa changu E1 ni koili. Kifaa kinapima ukinzani wa koili kabla ya kutoa moto, na kikiona uko chini mno, waya umepiga shoti au haushiki vizuri, kinakataa. Mimi nilikuwa nimemwaga maji ya vepu nikijaza usiku, yakateremka mpaka kwenye kiungio, pale koili inapofungwa, na koili yenyewe sikuifunga ikakaza. Kilikataa kwa sababu bodi yake ni nzima na inafanya kazi yake.

Betri sasa. Ina ngozi ya manjano na imeandikwa 9900mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba. Hakuna 18650 duniani yenye uwezo huo. Za viwanda vizuri huishia kwenye 3,500 hivi. Ni sawa na bodaboda iliyoandikwa "abiria 33". Shemeji yangu huoka keki za oda, ana mizani ya jikoni, nikaazima. Betri yangu ya akiba, ile niliyoiacha nyumbani kwa bahati tu, ilisoma gramu 46. Ya manjano, 28. Shem akaipima mara ya pili akidhani mizani imeharibika, kisha akaniuliza kama nilinunua betri au ganda lake.

Kwa nini inaonyesha imejaa halafu inazima? Nikaiwekea mita ya umeme: volti 4.1, na 4.2 ndiyo kilele, kwa hiyo ikipumzika ni nzima. Ila volti za kupumzika ni maneno matupu. Hesabu ni hii. Koili yangu ni omu 1.8. Ukiweka volti 6, nguvu ni 6 mara 6 gawa kwa 1.8, yaani wati 20. Betri haina hizo volti 6, ina 3.7 hivi, kwa hiyo bodi inazipandisha, na ili wati 20 zitoke lazima betri itoe zaidi ya ampea 5. Ya kweli haisikii uzito wowote hapo, ziko za ampea 20. Hii ya uongo ikidaiwa hivyo volti zake zinaporomoka, bodi inaona imefika chini kuliko inavyoruhusiwa, inakata na kuandika E2. Mimi hata sifiki 6, nakaa 3.7, ambayo ni wati 7 na kitu na ampea 2 hivi, na bado imeshindwa.

Halafu inapata joto. Niliichomoa baada ya jaribio la tatu ikiwa moto kama kikombe cha chai. Mwenye betri ya namna hii asiiache kwenye chaja akalala, wala asiitie mfukoni pamoja na funguo. Chuma kikiunganisha ncha zake mbili moto hautauliza ni feki au si feki.

Kwa hiyo huu ndio mchezo, kama nilivyouelewa: msimbo wa koili anakuambia ni bodi, anasafisha bure, anakulipisha bodi, anachukua betri yako nzuri aivishe ngozi mpya au aiuze, na anakupa ganda. Kesho ukileta msimbo wa betri, anakuuzia betri nyingine. Jirani yangu mmoja aliwahi kutozwa 500 "kufunguliwa programu" ya vepu iliyogoma. Ilikuwa imejifunga tu. Vifaa vingi unabonyeza kitufe mara tano haraka haraka, basi.

Kabla hujapanda ngazi za mtu yeyote, tafuta karatasi ya kifaa chako, kwa sababu kila kiwanda kina misimbo yake na E1 yangu inaweza kuwa kitu kingine kwako. Ila magonjwa yenyewe hayako mengi. Kikisema hakioni koili, toa betri, safisha kiungio, na utazame ile pini ya katikati. Ukikaza sana inazama na haigusi tena, inuliwe taratibu kwa kijiti cha meno. Kikisema ukinzani mdogo au shoti, jaribu koili nyingine kabla ya kuamini lolote. Kikilalamikia betri, weka betri unayoiamini. Kikisema kina joto, kiache kipumzike. Na kikikata mvuto mrefu wa sekunde kumi hivi, hakijaharibika, kimechoka na wewe. Bodi kuungua kupo, lakini bodi iliyoungua mara nyingi haina nguvu ya kukuandikia barua.

Na ukienda kwa fundi, ondoka na betri yako mfukoni, ndani ya kijaluba chake. Anayetaka kujaribu kifaa ajaribu na yake.

Alhamisi nilirudi na mizani na betri zote mbili. Mwanzo hakunikumbuka. Kisha akasema ile ya manjano si yake. Kisha akanionyesha karatasi ukutani: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inataka bidhaa iwe ya ubora unaostahili, na karatasi yake haiifuti. Akacheka, akamwita mteja mwingine. Mteja alikuwa mvulana ambaye sidhani ana miaka 18, lakini hayo ni mengine.

Alichosahau ni kwamba kwa kuikwepa till amenipa jina lake, saa na kiasi, vyote kwenye ujumbe wa M-Pesa. Mahakama ya Madai Madogo iko Milimani, inapokea madai mpaka shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inaipa siku 60 kumaliza shauri. Kwa elfu nne watu wataniona nimerukwa na akili. Jumatatu naenda kuuliza fomu.

Kama kifaa chako kimepita mikononi mwa fundi akakuambia amebadilisha bodi, fungua menyu sasa hivi utazame kihesabu. Kikiwa hakikuanza sifuri, hifadhi ujumbe wako wa malipo na upime betri uliyopewa. Na ukiona mahali panauzwa 18650 ya kijani iliyotumika, yenye mkwaruzo karibu na ncha ya chanya, hiyo ni yangu.